Mtamba wa Mahari

Mume wangu alinioa akiwa hana shamba. Alikuwa dereva wa lori katika mashamba ya chai ya Kericho, na kwao Nyacheki ardhi ya baba yake ilikuwa imegawanywa mara nyingi hivi kwamba kila ndugu alibaki na ukanda mwembamba ulioshuka kutoka barabarani hadi mtoni. Ukigeuza jembe vibaya ulijikuta unalima kwa jirani. Kwa hiyo miaka michache baada ya uhuru, serikali ilipokuwa ikigawa kwa mkopo mashamba yaliyoachwa na wazungu kule Nyansiongo, mume wangu aliomba, akapata. Nilifunga vyombo vyangu kwenye shuka, nikambeba kifungua mimba wangu mgongoni, tukahamia mahali ambapo sikumjua mtu hata mmoja.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza Nyansiongo ni nyasi. Nyacheki tulizoea kumfunga mbuzi kwa kamba kando ya barabara ale kilichopo. Huku nyasi zilinifika magotini, na asubuhi umande wake ulinilowesha gauni hadi kiunoni. Baridi ilikuwa kali, migomba michache niliyoipanda ilikataa kukua, na usiku upepo uliingia katika kibanda chetu cha mabati kama mtu mwenye ufunguo. Lakini nyasi zile nilizipenda tangu siku ya kwanza, maana mimi ni binti wa mtu aliyefuga.

Pamoja na shamba tulipata ng'ombe watatu wa gredi, wale wa maziwa wa kizungu. Nao pia walikuwa wa mkopo. Mzungu aliyeondoka aliwaacha, nasi tukagawiwa, kila familia na wake. Wetu walikuwa wakubwa, weupe wenye mabaka meusi, viwele vikining'inia karibu na kwato. Ng'ombe wa baba yangu walikuwa wadogo wenye nundu, na ukimkamua mmoja ulipata maziwa ya kujaza kikombe, zaidi ya hapo umshukuru Mungu. Mara ya kwanza nilipomkamua mkubwa wa hawa watatu, ndoo ilijaa nikiwa bado nahisi uzito kwenye chuchu. Nilisimama, nikaenda kuleta chombo kingine, na sikuwa na kingine ila sufuria ya ugali.

Mume wangu alikuwa ameegemea mlango akitazama. Alisema, "Mimi narudi kazini Jumatatu. Ng'ombe ni wako."

Alisema kwa mzaha. Mimi nililichukua neno hilo kama lilivyo.

Kwa kuwa yeye alirudi nyumbani mwisho wa mwezi tu, hesabu za ng'ombe ziliniangukia mimi. Kila asubuhi nilipeleka maziwa hadi njia panda, ambapo lori la chama cha ushirika lilipita kuyakusanya. Malipo yalipokuja yalikuwa yameshakatwa mkopo wa shamba, mkopo wa ng'ombe na ada ya dipu, pale ng'ombe wanapoogeshwa dawa ya kupe. Kilichobaki ndicho kilichokuwa chetu, na miezi ya kwanza kilikuwa kidogo mno, cha chumvi na mafuta ya taa. Majirani wengi walikata tamaa hapo. Walisema, tunamfugia nani ng'ombe hawa? Wengine waliacha kupeleka maziwa kwenye chama, wakayauza kichochoroni ili wasikatwe, na mkopo ukazidi kuwaelemea.

Mimi nilikaa nikaifikiria hesabu hiyo. Mkopo haukuwa unabadilika. Ulikatwa uleule, maziwa yawe mengi au machache. Maana yake ni kwamba maziwa yote yatakayozidi pale yalikuwa yangu mwenyewe. Basi kazi yangu ilikuwa kuyazidisha, na kuhakikisha hayakatiki.

Niliona kwamba ng'ombe asiyekamuliwa anakula sawa na anayekamuliwa. Wetu watatu walikuwa wamezaa karibu pamoja, na kwa hiyo wangekauka pamoja, nami ningekaa miezi nikilisha midomo mitatu bila tone. Nilianza kuwapishanisha, mmoja azae wakati wa mvua za kwanza, mwingine mahindi yakivunwa, na mwingine katikati. Ndama dume nilimuuza mapema, kabla hajaninywea faida yote. Ndama jike nilimlea. Niliona pia kwamba ng'ombe anayetembezwa mbali kwenda mtoni anayaacha maziwa njiani, hivyo nilichimba mfereji kutoka kwenye chemchemi iliyokuwa juu ya shamba, nikaleta maji hadi zizini. Kuchimba kulinichukua msimu mzima, jembe mkononi na mtoto mgongoni. Siku maji yalipofika nilikaa chini ya ukingo nikayatazama yakiingia kwenye mtaro wa kunyweshea, na ng'ombe wakaja bila kuitwa.

Jambo moja tu lilinisumbua. Sisi ni Wasabato, na ng'ombe hajui Sabato. Jumamosi walitoa maziwa kama siku nyingine, na lori lilipita kama siku nyingine, lakini mimi sikuuza. Jirani yangu Mkatoliki aliniambia kwa upole kwamba nilikuwa namwaga mfuko wa sukari kila wiki. Sikumwaga. Nilijaza vibuyu, nikagandisha, na maziwa lala yale niliwapa waliokuja kutoka kanisani na waliopita njiani. Baada ya muda watu wa upande ule wote walijua kwamba ukipita kwangu Jumamosi hutaondoka na njaa. Sikuyahesabu kama hasara, na mpaka leo sijayahesabu hivyo.

Tulikuwa tumeanza kusimama wima, mkopo ukipungua na mtamba wangu wa kwanza akikua, baba mkwe alipofika.

Alifika alasiri moja, amevaa koti lake zito la jeshi na fimbo begani, mbele yake kundi la ng'ombe wa kienyeji waliochoka, na nyuma yao shemeji yangu mdogo akiwafukuzia. Walikuwa wametembea kutoka Nyacheki, wakalala njiani kwa jamaa. Ng'ombe hao walikuwa mahari ya wifi yangu, aliyeolewa mwaka ule. Kwa desturi yetu, mahari ya dada ndiyo inayomwolea kaka yake, na hawa walikuwa wakimngoja shemeji huyu mdogo apate mchumba. Nyacheki hapakuwa na mahali pa kuwalisha. Nyansiongo palikuwa na nyasi.

Mama mkwe aliyekuja siku ya pili kwa basi ndiye aliyeniambia yote hayo, kwa sababu baba mkwe na mimi hatukuzungumza mengi. Kwetu Gusii kuna heshima tuiitayo chinsoni. Baba mkwe haingii nyumbani kwa mwanawe, wala mke wa mwana hamtazami usoni, na yapo mambo ambayo hayatajwi kabisa mbele ya mmoja na mwingine. Alijengewa kibanda chake upande wa pili wa zizi. Chakula chake nilimpa mama mkwe akampelekea. Nilimwamkia nikiwa mbali, naye akaniitikia akitazama milima.

"Tata anasema shamba hili ni kama baraka ya Ibrahimu," mama mkwe aliniambia jikoni. Tata ndivyo tunavyomwita baba. "Anasema angekuwa kijana angejaza ng'ombe mpaka pale kwenye miti."

Niliendelea kusonga ugali.

Haikupita miezi mingi nikaanza kuona matokeo. Nyasi zilizokuwa zikifika magotini zilifika kwenye vifundo vya miguu. Ng'ombe wa baba mkwe walikuwa wakila usiku na mchana, kwani walizoea njaa na hawakuamini kwamba nyasi zitakuwepo kesho. Maziwa yangu yalishuka. Mkopo haukushuka. Nilirudi pale pale pa chumvi na mafuta ya taa.

Kisha palikuwa na dume. Kati ya ng'ombe wa mahari kulikuwa na dume jekundu lenye nundu kubwa, na baba mkwe alilipenda kuliko wote. Aliliimbia. Mimi ng'ombe wangu nilikuwa nawapandisha kwa sindano. Mtu wa mifugo alipita na pikipiki asubuhi, nasi tuliokuwa na ng'ombe wenye joto la kupandwa tuliwafunga kando ya barabara, wakapata mbegu ya madume bora ambayo hatukuwahi kuyaona. Ndama aliyezaliwa kwa njia hiyo alikuwa mali. Ndama wa dume lile jekundu angekuwa na nundu na kikombe kimoja cha maziwa.

Siku moja nikiwa naosha vyombo vya maziwa, dume lilivunja ua likaingia kwa ng'ombe wangu mkubwa, na baba mkwe alikuwa ameketi pale pale kwenye kigoda chake, hatua chache kutoka kwangu. Jambo lililokuwa likitokea mbele yetu halikuweza kutajwa kati yetu. Singeweza kumwambia baba mkwe, lizuie dume lako. Hata kutazama sikuweza. Niliinuka, nikaingia katikati ya mahindi, nikakaa humo kama mtu anayepalilia, huku nikijua kwamba mwaka mzima wa ng'ombe yule ulikuwa unapotea.

Jioni nilimweleza mama mkwe. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha kichwa.

"Ulikimbilia mahindini?"

"Mama, ningekimbilia wapi?"

"Na yeye alikimbia," alisema. "Alikuja kwangu akalalamika kwamba jua ni kali, na jua halikuwepo." Kisha akawa makini. "Sasa unataka nimwambie nini?"

"Mwambie kwamba ndama wa ng'ombe huyu ndiye angelipa karo. Mwambie dume lile likibaki hapa, baada ya miaka michache zizi lote litakuwa la kienyeji, na mkopo wa serikali utakuwa bado uko palepale."

Alikwenda, akarudi. "Anasema alifuga kabla hujazaliwa. Anasema maziwa ni kitu cha watoto. Ng'ombe ni mke, ni jina la mtu."

Sikumlaumu. Alisema aliyoyajua, na katika ujana wake yalikuwa kweli.

Mume wangu aliporudi mwisho wa mwezi tulizungumza tukiwa tumeketi kwenye gogo nje, ili watoto wasisikie.

"Siwezi kumfukuza baba na ng'ombe wa dada yangu," alisema.

"Sijasema umfukuze. Nimesema shamba hili haliwezi kubeba mambo mawili. Ama ni la maziwa, ama ni la kuhesabu vichwa."

"Na mdogo wangu ataoa kwa mahari gani?"

"Ataoa. Hilo nilifikirie mimi."

Alinitazama. "Ulifikirie wewe?"

"Uliniambia ng'ombe ni wangu."

Alikubali jambo moja. Alinunua seng'enge, na kabla ya kurudi Kericho yeye na mdogo wake waligawa shamba kwa ua wa waya, upande wa juu wa ng'ombe wangu, upande wa chini wa baba yake. Baba mkwe alitazama waya ule kama mtu aliyeona kaburi limechimbwa mlangoni kwake.

Ua ulizuia dume. Haukuzuia kupe. Mimi nilipeleka ng'ombe wangu kwenye dipu kila wiki, nao wakarudi wakinuka dawa. Ng'ombe wa baba mkwe hawakwenda. Aliamini dawa ile inaunguza ngozi, na ni kweli kwamba ng'ombe wake, waliozoea kupe tangu kuzaliwa, hawakuugua. Waliwaleta tu kupe hao. Kupe walipita chini ya waya kwenye nyasi, wakapanda kwa wangu.

Ng'ombe aliyeugua ni yule mkubwa, yule aliyejaza ndoo na sufuria. Asubuhi alikataa kula. Tezi za chini ya masikio zilikuwa zimevimba, pumzi yake ilikuwa fupi, na mwili ulikuwa moto. Nilijua ni ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, kabla mtu wa mifugo hajafika, na alipofika alichoma sindano yake huku akitikisa kichwa. Alisema tumeita tukiwa tumechelewa, na kwamba hata tungewahi, dawa ya kuaminika ya ugonjwa huu haikuwepo.

Hapo ndipo nilipomjua baba mkwe. Alivua koti lake la jeshi akamfunika nalo ng'ombe mgonjwa. Alimpa maji kwa kiganja. Alimwekea majani laini mdomoni, na alipoyatema, akayaokota akamwekea tena. Alikaa naye siku ile yote na siku iliyofuata, na mimi nilikaa upande wa pili wa ng'ombe, tukimtazama yeye badala ya kutazamana. Alipokufa, mzee alifumba macho ya ng'ombe kwa mkono wake mwenyewe, kama mtu anavyofanyiwa.

Kisha aliniuliza. Lilikuwa swali la kwanza alilowahi kuniuliza moja kwa moja.

"Huyu alikuwa anakufanyia nini?"

Nilimjibu nikitazama chini. "Tata, huyu ndiye aliyekuwa analipa shamba. Wale wengine wanatulisha. Huyu alikuwa analipa ardhi tunayokanyaga."

"Ardhi yote hii?"

"Yote. Na pale kwenye kibanda chako."

Alikwenda zake kwenye kigoda, akakaa hapo mpaka jua lilipoingia nyuma ya miti. Asubuhi nilipoamka kukamua, upande wa chini ulikuwa mtupu. Nilidhani amewachukua ng'ombe wake akarudi Nyacheki kwa hasira, nami sikutaka aondoke hivyo. Baadaye nilipopeleka maziwa njia panda nilimwona akitoka kwenye dipu, fimbo begani, ng'ombe wake wote wakidondosha maji ya dawa, na dume jekundu likipiga chafya mbele yao.

Tulipopishana alisimama. "Ngozi haijaungua," alisema akitazama milima.

Mwezi uliofuata aliuza dume lile sokoni. Mama mkwe aliniambia kwamba alifika nusu ya njia akaanza kurudi nalo nyumbani, kisha akageuka tena. Kwa pesa zile alinunua seng'enge nyingine na chumvi ya mifugo, akaviweka mlangoni kwangu bila salamu.

Kilichobaki ni lile deni nililokuwa nimejitwika mbele ya mume wangu. Shemeji alipata mchumba. Msichana alikuwa wa kule Tabaka, baba yake mchonga mawe, yale mawe laini wanayochonga sahani na wanyama na kuwauzia wafanyabiashara. Mzee wake alitaka mahari kamili ya ng'ombe, kama ilivyokuwa kwa kila mtu. Ng'ombe wetu wa kienyeji walikuwa wamepungua, kwani baba mkwe alikuwa ameuza wengine kila nyasi zilipokonda. Kuwafikisha idadi iliyotakiwa kungemaliza zizi la chini na kula la juu.

Nilikuwa na mtamba. Alikuwa mjukuu wa yule aliyekufa, amepandishwa kwa sindano, mimba yake ikiwa imeshaonekana. Nilimlea kwa mkono wangu. Nilimwambia mama mkwe, "Mpeleke huyu badala ya ng'ombe wanne."

Alinitazama kana kwamba nimesema nimpeleke mtoto. "Mzee gani wa Kisii atakubali kichwa kimoja mahali pa vichwa vinne?"

"Waje wamwone kwanza."

Walikuja. Mchonga mawe alikuja na ndugu zake, watu wazito wa maneno, mikono yake myeupe kwa vumbi ambalo halikutoka hata kwa sabuni. Waliketi nje kwenye viti tulivyoazima kanisani. Mimi nilikuwa jikoni na wanawake, kama inavyotakiwa, nikimimina maziwa lala kwenye vikombe. Nilisikia baba mkwe akiwaeleza habari ya mtamba, na nikasikia viti vikilia watu walipogeuka kutazamana.

"Mmoja," mmoja wao alisema. "Mnatupa mmoja, mnamwita wanne."

Kisha nikasikia baba mkwe akisema jambo ambalo sikulitarajia.

"Nitamwita mke wa mwanangu aseme. Mimi nikieleza nitakosea, kwani hawa ni ng'ombe wake."

Mwanamke hakuwa akizungumza penye mahari. Mama mkwe alinisukuma mgongoni kwa vidole viwili. Nilitoka, nikasimama kando ya nguzo ya baraza, macho chini, mikono nyuma.

Sikusema mengi. Niliwaambia huyu akizaa, atatoa maziwa ya kunywa nyumba nzima na ya kuuza asubuhi na jioni. Nikawaambia ng'ombe wanne wa kienyeji wanataka malisho ya wanne, na huyu anataka ya mmoja, tena anaweza kukatiwa majani akalishwa zizini bila kutoka. Nikawaambia akizaa jike, wana ng'ombe wawili wa gredi, na wasipomwogesha dawa, hawana hata mmoja.

Mchonga mawe aliinuka. "Nionyesheni mama yake anakamuliwa," alisema.

Ilikuwa karibu wakati wa kukamua. Nilifunga leso kiunoni, nikaketi, nikakamua mbele ya wazee wale wote. Ndoo ilijaa, povu likapanda juu ya ukingo. Mchonga mawe alichuchumaa, akatazama kiwele, akazunguka upande wa pili akakitazama tena, jinsi nadhani alivyotazama jiwe kabla ya kuliwekea patasi. Kisha akawageukia ndugu zake.

"Shamba langu mnalijua," alisema. "Limejaa mashimo ya mawe. Ng'ombe wangu wa mwisho alivunjika mguu shimoni. Nikipewa wanne nitawaweka wapi? Mimi mwenyewe nikichonga kiboko mdogo vizuri, mfanyabiashara ananipa pesa kuliko jiwe zima ambalo halijaguswa. Huyu amechongwa."

Mmoja wa ndugu zake aliuliza watu watasema nini wakisikia binti yao ameolewa kwa ng'ombe mmoja. Alimjibu, "Watasema wanachotaka wakiwa na chai ya rangi, nami nitakuwa nanywa ya maziwa."

Walikubali mtamba, ng'ombe wa kienyeji mmoja wa kuchinjwa siku ya harusi, na mbuzi. Baba mkwe alisimama kupokea mikono yao. Alipofika kwenye nguzo nilipokuwa, hakunigusa wala hakunitazama, kwa sababu ya heshima yetu, lakini alisimama hapo mbele ya wageni muda wa kutosha kila mtu aone amesimama wapi.

Mtamba yule alifika Tabaka kwa lori. Mume wangu ndiye aliyeomba ruhusa kazini akaendesha, na shemeji alikaa nyuma amemshika pembe asianguke. Alizaa jike. Mchonga mawe alimjengea zizi la mawe ya nyumbani kwake, sakafu laini kama sahani, na nilipokwenda huko kumwona mtoto wa kwanza wa shemeji, aliyezaliwa nyumbani kwa babu yake, nilikuta wanawake wa jirani wamepanga foleni na chupa zao asubuhi. Walimwita ng'ombe yule Nyansiongo. Mchonga mawe alinionyesha zizi kabla hajanionyesha mtoto.

Mkopo wa shamba tuliumaliza katika miaka ya sabini, kwa maziwa na kwa pareto niliyoipanda pembeni. Siku karani wa chama aliponiambia kwamba kuanzia mwezi ule hakuna tena kitakachokatwa, nilirudi nyumbani polepole kupita kawaida, nikiangalia kila kigingi cha ua. Tulijenga nyumba ya vyumba vinne. Watoto walisoma, wasichana kama wavulana, na hakuna aliyerudishwa nyumbani kwa karo. Mama mkwe alihamia kwetu kabisa, akataka ng'ombe wake mwenyewe, nikampa ndama, na hela zake za maziwa alikataa kumwonyesha mzee.

Baba mkwe alikaa nasi hadi alipozeeka. Aliendelea kuwaimbia ng'ombe, ila sasa aliwaimbia wangu. Alitunga nyimbo za viwele na za dipu, na wageni wa rika lake walipocheka, aliwachukua kwa mkono akawazungusha zizini, akiwataja ng'ombe mmoja mmoja, huyu binti wa fulani, huyu amelipa darasa la nani, huyu mabati ya upande ule. Mimi nilikuwa nikisikia nikiwa jikoni, nami sikutoka. Nilipunguza moto chini ya chungu ili nisikie vizuri.